Nakala za Pili

Mwalimu hakuwahi kumpa mtu mia kwa mia. Mwanafunzi angeweza kupata hesabu zote, kila jibu mahali pake, na bado Mwalimu angemkata alama moja kwa ajili ya mwandiko, au kwa sababu mstari umepinda, au bila sababu yoyote. Wazazi walilalamika mpaka mwalimu mkuu akamwita ofisini. Alirudi katika chumba cha walimu akiwa ametulia tuli, akajimiminia chai, akaniambia, "Madam, mia ni ya Mungu. Hawa watoto wakizoea mia, siku moja watakuja kulia na hakuna mtu atawanyamazisha."

Mimi nilikuwa nafundisha jiografia, meza yangu ikitazamana na yake, katika shule moja ya sekondari nje kidogo ya Kiminini. Baadaye, tulipostaafu, tukawa majirani Kitale, boma lake na langu yakitenganishwa na ua wa miiba ya kayapa. Kwa hiyo nimemjua mtu huyu akiwa na chaki na nimemjua akiwa na jembe, na naweza kusema alikuwa mkaidi kotekote. Sisemi hivyo kwa ubaya. Nilimpenda kama ndugu yangu, ndiyo maana yaliyompata yaliniuma na bado yananiuma.

Sebuleni kwake kulikuwa na kabati la vioo. Watu wa rika letu huweka humo vikombe vya wageni, sahani ambazo hakuna anayezilia, na picha ya harusi. Mwalimu aliweka katuni. Rafu za juu zilikuwa na vitabu vya katuni alivyosoma mwenyewe: pembe zimekunjika, majalada yana duara za vikombe vya chai, na ukifungua kimoja ganda la njugu linakuangukia mapajani. Rafu za chini zilikuwa na vitabu vilevile, toleo kwa toleo, ila kila kimoja kimefungiwa ndani ya kasha gumu la plastiki angavu lenye namba juu. Hivyo havikuguswa. Mgeni akiuliza, Mwalimu alijibu kwa sentensi moja: "Za juu ni zangu, za chini ni za kijana."

Kijana alikuwa mwanawe wa kiume, wa pekee. Alikwenda nchi za Ghuba kufanya kazi ya askari wa kulinda majengo. Alikuwa akipiga simu kila Jumapili baada ya ibada, halafu Jumapili moja simu haikuja. Namba yake ikawa haipatikani. Mwalimu alisafiri mpaka Nairobi kuitafuta ofisi iliyompeleka, akakuta mahali pale panauzwa viatu. Miaka ikapita. Hakuna maiti iliyoletwa, hakuna aliyerudi kutoka huko akasema nilimwona. Na miaka hiyo yote Mwalimu aliendelea kununua nakala mbili za kila toleo jipya, moja ya kusoma na moja ya kumwekea.

Kichekesho ni kwamba alianza akiwa adui wa vitabu hivyo. Kijana alipokuwa kidato cha kwanza, shuleni petu, baba yake ndiye aliyemfundisha hesabu, na siku moja akamkuta ameficha katuni ndani ya kitabu cha jometri. Alimpokonya mbele ya darasa zima, akaja nayo chumba cha walimu akiishika kwa ncha za vidole kama mtu aliyeshika panya kwa mkia.

"Angalia hii takataka, Madam. Ati mtu anabeba daraja kwa mgongo! Hiyo daraja ni tani ngapi? Si mgongo ungekatika?"

Kengele ya chai ililia, akabaki ameketi. Ililia ya kurudi darasani, bado ameketi, kalamu nyekundu mkononi, anasoma. Hakuandika alama hata moja. Jioni ile, kijana mwenyewe ndiye aliyenisimulia baadaye, walikuwa wakienda nyumbani kimya kimya, mtoto akingoja kuadhibiwa, baba akakohoa akauliza, "Sasa huyo mtu alifika na daraja, ama aliangusha?"

"Sijui, Baba. Hiyo ingine iko Kitale, kwa wale wa vitabu vya mitumba."

Jumamosi wakaenda wote wawili, na tangu siku hiyo Mwalimu hakuponyoka tena.

Shujaa wao ana jina la Kizungu ambalo sikuwahi kulishika, maana nyumbani kwao walimwita Mchukuzi tu. Ni mbeba mizigo wa sokoni anayeweza kubeba chochote: daraja, hospitali na wagonjwa wake wakiwa wamelala ndani, maji ya bwawa lililopasuka. Ila ana sharti moja. Akishainua mzigo hawezi kuutua njiani. Akiutua kabla ya kufika, unavunjika, na hakuna wa kuuinua tena. Adui yake mkubwa ni mzee mwenye mizani, asiye na silaha wala misuli. Kazi yake ni kutembea kando ya Mchukuzi akimwambia mzigo huo una uzito gani. Mimi nilimpenda huyo adui. Nilimwambia Mwalimu nimefanya kazi chini ya wakuu wa shule kadhaa wa aina hiyo, akacheka mpaka akavua miwani.

Walisoma kwa sauti, hata kijana alipokuwa mtu mzima na sisi tumeshakuwa majirani. Jumapili alasiri ungewasikia kutoka barabarani, baba akisoma maneno ya Mchukuzi kama anayesoma somo kanisani, mwana akiyasoma ya mzee wa mizani kwa kubana pua, na Mama Mwalimu, mkewe, akiwapigia kelele kutoka jikoni, "Punguzeni, bana! Watu watasema kwa Mwalimu kunapiganwa." Nilikuwa nikipita pale kuazima ungo au chumvi, nakaa kuliko nilivyokusudia. Sijaona tena nyumba ambamo baba na mwana walipendana bila aibu namna ile.

Mtu huyu alikuwa bahili, na hilo lazima lisemwe. Viatu vyake vilishonwa soli mpaka fundi akamwomba amwachie avitupe. Majani ya chai aliyachemsha, akayaanika, akayachemsha tena, na akakukaribisha unywe kwa uso mkunjufu. Harambee zilimkuta hana chenji. Lakini habari ya toleo jipya ikifika, mkono uliokunjwa ulifunguka wenyewe. Alikuwa mzee wa kanisa aliyekemea watoto kwa kupoteza muda, na yeye mwenyewe alichelewa kikao cha wazee kwa sababu Mchukuzi alikuwa amekwama mtoni na kituo cha polisi kichwani. Alipenda kusema, "Hesabu haina huruma, lakini haina uongo." Alisema hivyo darasani, kanisani, hata kwenye mazishi. Mtu anayesema hivyo humtarajii aishi miaka mingi kwa hesabu ambayo kila mtu aliona haitoki.

Habari ya makasha aliipata kwa jamaa mmoja wa Bungoma, mwenye duka la fotokopi, mtu mzima mwenye familia yake na wazimu uleule wa katuni. Walikutana Kitale kwenye lundo la vitabu vya mitumba, kila mmoja ameshika pembe moja ya kitabu kimoja, hakuna anayeachia. Wakaishia kunywa chai pamoja. Jamaa akamweleza kwamba kuna watu ng'ambo ambao kazi yao ni kupima vitabu vya katuni. Unawapelekea, wanakitazama chini ya taa: pembe, mgongo, pini, doa la kidole. Wanakipa alama, juu kabisa ikiwa kumi, halafu wanakifunga ndani ya kasha. Kasha lisipofunguliwa, alama inakaa. Ukilifungua, alama imekufa.

Mwalimu kusikia kuna watu wanaolipwa kusahihisha katuni, alivuta kiti karibu. Wakati huo kijana alikuwa ameshanyamaza, ingawa jamaa wa fotokopi hakulijua hilo. Mwalimu aliuliza swali moja tu. "Ndani ya hiyo kitu, kitabu inazeeka?"

"Haizeeki, Mwalimu. Inakaa tu vile ilikuwa siku ya kutoka."

Basi ikawa hivyo. Jamaa alikusanya vitabu vya wenzake wa Eldoret na Kisumu na vya Mwalimu, akavituma pamoja, na baada ya miezi mingi vikarudi. Mwalimu alivaa tai kwenda Bungoma kuvichukua. Cha kwanza kilikuwa na tisa nukta nane. Alinionyesha akiwa amekishika kwa mikono miwili kama mtoto anayepokea zawadi siku ya wazazi.

"Hawa watu wanasahihisha kama mimi," alisema. "Wameona kitu mahali. Hawatoi kumi."

"Na ukitaka kusoma?"

"Yangu iko. Hii ni yake. Akirudi atavunja mwenyewe, moja baada ya ingine. Sitaki aone kama tulisonga bila yeye, Madam. Nataka akute kama imetoka leo asubuhi."

Kuna maneno mtu akikuambia unakosa pa kuyashikia. Nilikwenda kwangu nikakaa jikoni, nikalia kidogo, nikaosha vyombo.

Kila kitu katika boma lile kilitakiwa kibaki kama kilivyokuwa. Hakubadili namba ya simu, hata mtandao ule ulipokuwa unapatikana ukisimama juu ya kiti. Binti yao, aliyeolewa Bungoma, alitaka kuwajengea nyumba ya matofali mahali pa ile ya zamani, akakataliwa. Rangi ya ukuta ilibambuka ikaachwa. Mama Mwalimu aliniambia siku moja tukichambua maharagwe, "Huyu mzee angeweza, angenikataza hata mvi." Tulicheka, halafu hatukucheka.

Kwa Wabukusu, watu wa Mwalimu, mtu aliyepotelea mbali na mwili wake usionekane huzikwa kwa mgomba. Hukatwa shina la mgomba, likavishwa nguo zake, likalazwa kaburini kama yeye mwenyewe, ili apate pa kurudi na waliobaki wapate pa kuanzia. Mimi natoka juu, upande wa Mlima Elgon, na mwanzo jambo hilo lilinishangaza. Sasa sishangai hata kidogo. Kaka mkubwa wa Mwalimu, aliyebaki kwenye shamba la baba yao huko Naitiri, alikuja Kitale mara kwa mara na neno hilo moja.

"Mwarimu, huyu mtoto anatangatanga," alisema kwa lafudhi yake ya nyumbani, l zote zikigeuka r. "Yeye hana pa kurara. Sisi wazee tunamuota. Kubari tukate mgomba."

"Mtu ambaye hajakufa hazikwi. Hiyo ni hesabu ya darasa la kwanza."

"Na kama arikufa?"

"Na hizi nimewekea nani?" Mwalimu alionyesha rafu za chini. Kaka yake alizitazama, akatazama kofia yake.

Aliyejibu alikuwa mke wa Mwalimu. Alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. "Wewe uko na kabati yako, Mzee. Kila siku unaenda kuangalia, unapanguza, unaongea na yeye hapo. Mimi niko na nini? Nataka mahali nitalilia mtoto wangu. Hata kama ni kwa mgomba, nataka mahali."

Mwalimu alisema ukilia unamuua. Alisema hivyo kwa sauti ya chini, akitazama chai, na naamini alijua ni neno baya likiwa bado mdomoni. Wiki ile Mama Mwalimu alikwenda Naitiri kupanda maharagwe. Maharagwe yakaota, yakavunwa, akapanda mengine. Hakuna aliyelitaja neno kutengana, wala kanisani hakuna aliyeuliza. Mimi nilimwona Mwalimu akijifunza kupika ugali katika uzee wake na nikajua ametengwa.

Nilimuunga mkono nani? Wote wawili. Hiyo ndiyo taabu ya kuwa jirani.

Mwaka huo mchwa walipanda ukuta wa sebule. Mwalimu aliona njia yao ya udongo nyuma ya kabati, akashtuka kama aliyeona nyoka, na siku hiyohiyo akahamisha makasha yote hadi stoo ya mahindi. Kwa fikira zake hakukosea. Stoo ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko vyumba vyote vya boma lile: imeinuliwa juu ya magogo, sakafu ya mbao, mabati mapya. Aliyapanga ndani ya makatoni upande mmoja. Halafu mavuno yakaja.

Mwenye kulima Trans-Nzoia anajua mvua ya mavuno ilivyo na kiburi. Mahindi yanakauka shambani, inanyesha, unayaanika, inanyesha. Miaka yote Mama Mwalimu ndiye aliyesema yameiva kuingia stoo, na alikuwa na njia yake, ileile ya mama zetu wote. Alitia mahindi na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, akatikisa, akaiacha itulie. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado yana maji, yarudi juani. Ikianguka chini yote, yanaingia. Mwaka huo chupa ilikuwa jikoni na mwenye chupa alikuwa Naitiri. Mwalimu alitia punje moja mdomoni, akaiuma, ikalia kah, akasema, "Imekauka." Magunia yakapangwa mpaka juu, yakiegemea makatoni.

Mahindi mabichi hupumua. Ndani ya gunia yanapata joto, yanatoka jasho, na jasho hilo linakwenda linakotaka. Mimi ndiye niliyesikia harufu kwanza, kupitia uani. Nilimwita tukafungua stoo pamoja, na hewa iliyotoka ilikuwa ya moto. Nilitia mkono katika gunia nikautoa upesi. Mahindi yalikuwa yameshikana, ya kijani na ya kijivu, hayafai hata kwa kuku. Nilianza kusema pole kwa ajili ya mahindi, kisha nikaona kwamba hatazami mahindi.

Alikuwa amepiga magoti kwenye makatoni. Yalikuwa laini kama mkate uliolowa. Alitoa kasha la kwanza, akalipeleka nje penye jua, akalipangusa kwa shati. Kulikuwa na doa la kijani kwenye uso wa Mchukuzi. Akapangusa tena. Akalitemea mate kidogo, akasugua kwa kidole gumba, akaliinua, akaligeuza, akasugua upande wa pili. Nilitaka kumshika mkono na sikuthubutu.

"Madam," alisema mwishowe, "hii iko ndani."

"Pole, Mwalimu."

"Iko ndani. Na hakuna mtu alifungua." Alilitazama kama swali lililomshinda. "Imezeeka tu yenyewe."

Tulitoa yote, tukayapanga kwenye majani. Si yote yaliyoharibika. Mengine yalikuwa na ukungu wa maji tu ndani ya plastiki, mengine pini zilikuwa zimeshika kutu, mengine hayakuwa na kitu, lakini hakuyatazama hayo mazima. Alikaa chini katikati yake, mzee mzima, miguu mbele kama mtoto, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue sikusikia neno lolote la hesabu kinywani mwake. Kesho yake asubuhi alivaa koti akaenda Naitiri. Nasikia alimkuta kaka yake akikamua ng'ombe, hakumsalimu, akasema, "Kateni," basi.

Nilihudhuria, huko Naitiri. Mchungaji naye alikuja, akasema yeye hajui kuzika mgomba lakini anajua kukaa na mama aliyefiwa, akaketi karibu na Mama Mwalimu mpaka mwisho. Namheshimu kwa hilo. Wazee walikata mgomba nyuma ya nyumba, wakaukata urefu wa mtu, wakauvisha suti ya kijana, ile ya kumaliza shule. Mikono ya koti ilining'inia mitupu. Vijana wa ukoo walikuwa tayari kuubeba, lakini Mwalimu aliwapita akainama, akaukumbatia, akauinua.

Shina la mgomba ni zito, limejaa maji. Kutoka migombani hadi kaburini si mbali kwa mtu mwenye nguvu, lakini yeye hakuwa nazo. Maji yalimtiririka shati lote. Katikati ya njia kaka yake akamshika bega, akamwambia kwa upole, "Tua kidogo, ndugu yangu. Vijana wapokee." Mwalimu akatikisa kichwa. Vijana wakamsogelea, akatikisa tena, akaenda. Watu walisimama wote, hata wale wanaokuja matangani kwa ajili ya chakula. Alifika, akashuka nao kaburini mwenyewe, akaulaza, akafunga kifungo cha koti kilichokuwa kimefunguka.

Mama Mwalimu akalia. Sijasikia kilio kama kile, kirefu, cha miaka. Alilia mpaka akalala juu ya udongo ule mwekundu na hakuna aliyemwinua, kwa maana ndicho alichokuwa ameomba. Mwalimu hakulia. Alisimama na shati lake lililolowa akitazama koleo zikifanya kazi, na hilo liliniumiza kuliko kilio.

Baada ya hapo magoti yangu yalianza kunisumbua, naye binti yangu akanichukua nikae naye Bungoma. Siku moja nilikwenda kutoa fotokopi ya kitambulisho, nikajikuta katika duka la yule jamaa, katuni zimepangwa ukutani juu ya mashine. Nilimweleza habari yote ya Naitiri. Alisikiliza mashine ikinguruma, karatasi zikamwagika sakafuni asiziokote.

"Wooi, Madam," alisema. "Aliniuliza kama inazeeka. Mimi nilidhani anauliza juu ya kitabu."

Mara ya mwisho nilimwona Mwalimu nilipokwenda Kitale kuona wapangaji wangu. Nilipita uani nikamkuta barazani, kwenye kigoda, nyundo na bisibisi miguuni. Alikuwa amekonda. Vipande vya plastiki angavu vilikuwa vimetapakaa kote. Alichukua kasha, akatia bisibisi pembeni, akagonga mara moja, likapasuka. Akatoa kitabu, akakipuliza, akatupa kile kikaratasi chenye alama pamoja na vipande vingine bila kukisoma. Lilikuwa moja la tisa nukta nane. Nililiona mimi.

"Sasa, Madam! Keti, keti. Mama ameenda soko, anakuja." Kwa hiyo alikuwa amerudi. Nilishukuru moyoni.

Nikaketi. Alikuwa ameshaanza kusoma, midomo ikicheza polepole. Kitabu kilikuwa na madoa ya kijani pembeni na yeye aligeuza kurasa bila kuyajali. Pembeni yake palikuwa na rundo ambalo ameshalimaliza, kila kimoja kimekunjika mgongo sasa, kimesomwa.

"Mwalimu," nikamwambia, "lakini hizi si ulisoma zote? Zako si ziko kwa kabati?"

Aliweka kidole kwenye mstari asipoteze mahali. "Hizo nilisoma nikimngoja," alisema. "Nasoma ukurasa, naangalia geti. Nasoma ukurasa, naangalia geti. Ukiniuliza huyu Mchukuzi alibeba nini hiyo miaka yote, Madam, mimi sijui."

Akarudi kwenye kitabu. Machozi yalikuwa yakimtoka, hayana kelele, yakishuka kando ya pua mpaka kidevuni, na hakuyapangusa, kwa sababu mikono yake ilikuwa na kazi. Nilikaa naye hivyo. Baada ya muda geti lililia, likafunguka, nyayo zikaja kwenye changarawe. Nilimtazama Mwalimu. Aligeuza ukurasa, hakuinua macho.